Dakika Kumi za Kiingereza

Jumamosi, 13 Januari 2024

Nimelipia mtihani wa Kiingereza leo. Ni wa taasisi ya Trinity, daraja la 5, ndiyo B1 yenyewe, tarehe 2 Machi. Nimechagua Jumamosi ili nisiombe ruhusa kazini, na nimetaka uwe kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo nataka unikute nimetulia.

Nilipokuja London kwa mume wangu mwaka 2019 nilitakiwa A1. Kuongeza viza, A2. Sasa, mwaka 2024, miaka mitano inatimia, na ukiomba ukaazi wa kudumu wanataka B1 ya kuzungumza na kusikiliza. Mbali na huo kuna mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24 kwa dakika 45 na lazima upate 18, halafu ada ya maombi, ambayo mwaka huu ni pauni 2,885. Pesa hizo mume wangu anazidunduliza tangu mwaka juzi. Kiingereza hakidundulizwi na mtu mwengine, hicho ni changu mimi.

Ngazi hizi, A1 mpaka C2, zilitangazwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. B1 ni ya tatu kati ya sita. Mwalimu wa darasa langu la maktaba anaieleza hivi: mtu wa B1 akipotea njia huuliza, akajibiwa, na kama hakufahamu akauliza tena mpaka akafika.

Mtihani wangu ni dakika 10, mimi na mtahini peke yetu. Tano za kwanza ni za mada nitakayoichagua mwenyewe. Tano za pili anachagua yeye mambo mawili katika orodha: sikukuu, usafiri, shughuli za furaha, burudani, muziki, na mambo yaliyonipata karibuni.

Jumanne, 16 Januari

Basi la 115 kutoka East Ham, alfajiri, kuelekea Aldgate. Limejaa watu wa kazi yetu, kila mmoja na begi lake na kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Wapo Waghana, wapo Wabulgaria, wapo wa Colombia, na wengi wanalala. Nikishuka naingia ofisini, napanda ghorofa yangu, nafyonza vumbi, nafuta meza, namwaga mapipa, napiga deki vyoo. Wenye meza wakifika mimi nimeshaondoka. Najua nani hupenda chai ya tangawizi na nani ana picha ya mtoto mpya, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusikia sauti yangu.

Naandika hili kwa sababu jana mtu mmoja kwenye shughuli alisema mbele za watu, "Miaka mitano London na bado unasomea B1?" Nilimjibu kwa adabu. Lakini nataka liandikwe mahali: lugha hailetwi na miaka, huletwa na mtu wa kusema naye. Mwanamke anayefanya usafi alfajiri, akarudi kupika na kulala, anaweza kukaa hapa hata miaka ishirini bila kupata wa kumwambia zaidi ya "sorry" na "thank you". Si uzito wa kichwa huo. Hajapata mtu wa kuzungumza naye tu.

Alhamisi, 18 Januari

Darasa la mazungumzo maktaba. Ni la bure, saa moja, na mwalimu ni bibi mmoja mstaafu anayejitolea. Wengi wetu tunafika na macho mekundu. Chuo kilicho karibu kina darasa zuri zaidi, la cheti, lakini ni la asubuhi siku nne kwa wiki, na mtu wa zamu haliwezi. Mwenye kupanga saa zile bila shaka hakuwafikiria wapiga deki.

Leo kazi ilikuwa kuchagua mada. Sharti ni kwamba isitoke katika ile orodha ya mambo sita. Wengi wametaja familia na mapishi. Na mimi nilitaka biriani. Mwalimu akaniuliza, "Kabla ya kuja hapa ulikuwa ukifanya nini siku nzima?" Nikamwambia: mwani. Akaweka kalamu chini. Akauliza unapandwaje, unauzwa wapi, kwa nini wanawake. Nilijibu mfululizo bila kutazama daftari, na nilipotanabahi saa ilikuwa imekwisha.

Mada ni mwani.

Jumapili, 21 Januari

Nimempigia mama huko kwetu Jambiani, Unguja, ili niyapate mambo sawasawa. Amefurahi, halafu akashangaa. "Mwanangu, Wazungu watakupa karatasi kwa habari za mwani?" Nikamwambia, ndiyo mama, wakinifahamu.

Niliyoyakusanya kwake na ninayoyajua:

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza kwetu upande wa mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989. Mbegu zilitoka Ufilipino. Wanaume walijaribu, wengi wakarudi kwenye uvuvi, wanawake tukabaki. Bamvua linapofika na maji yakatoka mbali, tunashuka na kamba na vigingi. Vigingi vinapigwa mchangani kwa mistari, kamba inavutwa baina yake, na mbegu zinafungwa moja moja kwa vikamba vyembamba. Hapa ndipo penye kazi. Fundo likikaza mno linakata mwani, likilegea mkondo unauchukua. Mama anafunga huku anazungumza na jirani, vidole vinajua vyenyewe, na maji ya chumvi yameingia kwenye kila ufa wa kucha. Baada ya wiki sita hivi unavunwa, unaanikwa, unauzwa kwa kilo. Ukishavuka bahari hutolewa kitu kinachofanya aiskrimu na dawa ya meno vishikamane.

Kuna aina mbili. Spinosi ni rahisi lakini bei yake ndogo. Kotonii ina bei, na ndiyo inayokufa, kwa sababu maji ya pwani yamezidi joto. Kwenye kina kirefu bado ingeota, lakini huko kunataka ngalawa na kuogelea, na wanawake wengi wa kwetu hatukufundishwa kuogelea. Mama amelisema hili kwa uchungu. Nitalisema na mimi katika chumba cha mtihani, kwa Kiingereza changu hichohicho.

Alhamisi, 25 Januari

Mwalimu ameninyoosha. Daraja la 5 wanataka kusikia mambo fulani kinywani mwako: kueleza jambo lililoanza zamani na bado lipo, kutoa sababu, kusema unapendelea nini, kueleza yajayo. Hawakuulizi kanuni, wanasikiliza tu kama unazitumia. Basi tukatengeneza sentensi za mwani. "My mother has farmed seaweed since 1991." "She has worked in the sea for more than thirty years." Since inakwenda na mwaka ulioanzia, for na urefu wa muda. Nimezirudia kwenye basi nikirudi, kimya kimya, kama mtu anayevuta uradi.

Jambo jingine alilolisisitiza: lazima nimuulize mtahini swali walau moja. Hilo kwetu zito. Mtu mzima aliyekaa kiti cha kuuliza, wewe unasubiri uulizwe. Hapa wanataka mazungumzo, na mazungumzo yana pande mbili.

Jumamosi, 3 Februari

Nimekwenda Queen's Market na shoga yangu wa Barawa kununua mihogo. Chimwini chake na Kiunguja changu vinakutana njiani, tunafahamiana bila shida. Yeye amechagua mtihani mwengine wa B1, ule wa IELTS Life Skills, ambao watu huingia wawili wawili, dakika 22, na ndani yake mna kusikiliza rikodi. Anasema akiwa na mwenzake pembeni moyo wake hutulia. Mimi nikiwa na mwenzangu nitamwachia aseme yeye. Kila mtu ajijue.

Akanionyesha kwenye simu hotuba zinazouzwa: mada nzima imeandikwa, kazi yako kukariri. Kuna mama mmoja katika jamaa zake alinunua, akaikariri kama juzuu. Mtahini alimkatiza kwenye sentensi ya pili akamuuliza jambo la nne la hotuba yake, na mama wa watu akapotea. Akafeli, na ada ikaenda. Nimeumia kwa ajili yake, maana mama yule anajua kuzungumza. Nimemsikia mwenyewe akibishana bei ya nyama kwa Kiingereza na akashinda. Anayeuza hotuba zile anawaibia watu mara mbili, pesa zao na imani yao juu ya ndimi zao.

Fomu ya mada haina hotuba. Unaandika nukta chache tu: kupanda, kuvuna, kuuza, wanawake, maji ya moto. Mtahini anaweza kuanzia popote.

Jumapili, 11 Februari

Wifi amekuja kucheza mtahini. Amekulia hapa, Kiingereza chake kinakwenda kasi, na nimemkataza kupunguza mwendo. Akachukua orodha.

Sikukuu: nimemweleza Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mwezi wa Julai, wanaume wanavyopigana kwa vigomba mpaka hasira za mwaka zitoke, wanawake wanavyoimba, na kibanda kinavyotiwa moto. Hakuwahi kuuona. Akasahau kuwa yeye mtahini akaanza kuuliza kwa hamu: mbona hawaumizani, nani anazima moto? Hapo nikajua sehemu hiyo imeiva.

Muziki: taarab. Siti binti Saad alivyokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Bi Kidude aliyefariki mwaka 2013. Usafiri: meli ya Dar na Unguja, na basi la 115.

Palipokwama ni "mambo yaliyokupata karibuni". Nilikaa kimya. Wifi akaniambia, "Wifi yangu, si kila siku unakutana na mambo?" Kazi, basi, jiko, usingizi, niliona hayana la kusimuliwa. Akanibana. Nikamweleza mlinzi wa usiku pale ofisini aliyeniletea kiti nilipokuwa naumwa mgongo, na alivyonisimulia habari za kwao Sierra Leone mpaka tukachelewa wote wawili. Wifi akasema, hiyo hiyo. Tangu leo nitakuwa nasalimiana na mlinzi yule kwa kirefu kila zamu.

Jumatano, 21 Februari

Nalipa funga zangu za kadha kabla ya Ramadhani kuingia. Uchovu. Nimesikiliza redio nikikunja nguo, mazungumzo ya mvua na reli. Nimefahamu mengi.

Alhamisi, 29 Februari

Somo la mwisho kabla ya mtihani. Mwalimu hakunifundisha kitu kipya. Alitaka nizoee kusema nisipofahamu: omba arudie, au sema ulivyofahamu na muulize kama ndivyo. Kunyamaza ndiko kunakoangusha watu. Amesema mtahini hasikilizi lafudhi, anasikiliza kama maana imefika. Nimemletea kaimati. Akauliza zinapikwaje, na tukatumia nusu saa hapo. Nimetambua baadaye kuwa lile nalo lilikuwa zoezi.

Jumamosi, 2 Machi

Nimefanya.

Pasi ya kusafiria wameitazama mbele na nyuma, simu na mkoba vikabaki nje, na chumbani mna kamera inayorekodi. Mtahini ni mwanamme wa makamo, mpole. Akaichukua fomu yangu, akaruka kupanda na kuvuna, akaenda moja kwa moja kwenye nukta ya maji ya moto. Nilimweleza kotonii inavyogeuka nyeupe na kukatika, na kwa nini mama hawezi kuifuata kwenye kina. Akauliza, kwa nini hawafundishwi kuogelea? Swali zuri. Nikasema, "Because nobody has ever taught them, and because they have no time." Halafu nikamuuliza mimi, "Have you ever eaten seaweed?" Akasema ndiyo, kwenye chakula cha Kijapani. Nikamwambia na kwenye dawa ya meno pia. Alitazama saa, akahamia kwenye orodha: sikukuu, na mambo yaliyonipata karibuni. Makunduchi na mlinzi wa usiku. Mara moja sikufahamu swali, nikaomba arudie, akarudia, nikajibu.

Dakika 10 hazitoshi kueleza mwani, lakini nilikuwa na mengi ya kusema mpaka ya mwisho.

Ijumaa, 8 Machi

Nimefaulu. Mume wangu ameipiga picha karatasi na kuituma Jambiani, na mama amejibu kwa sauti ndefu ya vigelegele, nyuma yake wanawake wenzake wa mwani.

Kilichobaki ni mtihani wa maisha ya Uingereza, nitaufanya baada ya Idi. Na kuna mke wa binamu yake mume wangu, amefika Barking mwaka jana, hatoki ndani. Nimezungumza na mumewe leo baada ya sala ya Ijumaa, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Nimemwambia: shemeji, usimnunulie vitabu kwanza. Alhamisi saa nane darasa la maktaba lina nafasi, ni bure, nitampitia mwenyewe. Wewe kaa na watoto saa moja hiyo, mwache aje azungumze.