Visiwa Kumi na Viwili, Mfuko Mmoja

Tunawaandikia, akina mama, habari za safari ambayo bado hatujaifanya. Tunaandika wawili, mume na mke, kwa sababu jambo lenyewe lilitupata wote, na hakuna kati yetu awezaye kulisimulia peke yake bila kumwonea mwenzake.

Sisi ni watu wa Tanga, lakini kwa miaka 18 sasa tumeishi kaskazini mwa Ujerumani. Mama wa nyumba hii ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zake nyingi ni za usiku. Baba ni dereva wa basi la abiria, naye huondoka nyumbani saa kumi alfajiri. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipishana mlangoni, huyu anavua viatu, yule anavaa. Habari za karo, za mkate kwisha, za simu kutoka nyumbani, tulikuwa tukiandikiana kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji. Majirani walitusifu kwamba hatugombani. Kweli hatukugombana, maana hata ugomvi unahitaji watu wakae pamoja.

Mwaka huu ndoa yetu inatimiza miaka 20. Jioni moja binti yetu wa mwisho, mwenye miaka 16, alituuliza, "Hivi nyinyi mmewahi kusafiri pamoja bila kwenda msibani wala harusini?" Tukatazamana. Tulihesabu safari zetu zote, na kila moja ilikuwa na jeneza au keki. Binti akaleta ramani yake ya shule, akatuonyesha visiwa vya Ugiriki, ambako wenzake wengi darasani huenda na wazazi wao. Mama akasema, "Kama ni Ugiriki, basi mimi nataka kukiona kisiwa cha Patmo." Baba akasema, "Haya, tupange." Tulidhani tumekwisha kukubaliana. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza.

Ugiriki ina visiwa vingi mno, navyo vimegawanyika katika makundi. Patmo kimo katika kundi liitwalo Dodekanisi, maana yake visiwa kumi na viwili. Ukihesabu na vile vidogo visivyokaliwa na watu, idadi inazidi sana hiyo 12. Viko kusini-mashariki mwa Bahari ya Aegean, karibu kabisa na pwani ya Uturuki. Vilitawaliwa na Waturuki, kisha na Waitalia kuanzia mwaka 1912, na kwa mkataba wa mwaka 1947 vikawa vya Ugiriki. Msomaji wa Biblia si mgeni huko: sura ya 21 ya Matendo ya Mitume inataja Kosi na Rodo katika safari ya Paulo, na ndivyo visiwa ambavyo kwenye tiketi za leo vinaandikwa Kos na Rhodes.

Baba aliposoma hayo alipata moto. Alitaka Rhodes, akauone mji wa zamani wenye kuta za mawe ambao ulikuwa mikononi mwa mashujaa wa Mtakatifu Yohana tangu mwaka 1309 hadi 1522. Alitaka Symi, kwenye nyumba za rangi zilizopanda mlima juu ya bandari. Alitaka Kalymnos, kisiwa cha wapiga mbizi waliovuna sifongo baharini. Alitaka Kos, alikozaliwa Hippocrates aitwaye baba wa utabibu, akisema hicho ni kwa ajili ya mama, kwa kuwa ni muuguzi. Kisha Patmo. Kwa kuwa ni dereva, alichora ratiba kama ya basi: siku 10, visiwa vitano, saa za kufika na saa za kuondoka.

Mama aliitazama ile karatasi kwa muda, akauliza, "Baba watoto, hii ni likizo au ni zamu?"

Baba alinyamaza. Hakujua kwamba mwenzake alichotaka ni kukaa tu mahali pamoja, kulala usiku kama watu wengine, na kuamka mchana bila kengele. Mama naye hakujua kwamba baba, anayepita njia ile ile mara nane kwa siku, alikuwa na hamu ya kupita njia ambayo hajaizoea. Tumelala chumba kimoja miaka 20, na hayo tuliyajua mbele ya ramani ya mtoto.

Tukaendelea kuulizia, na kila tulichojifunza kilipunguza ile ratiba. Kwanza, Patmo hakina uwanja wa ndege. Anayekwenda huko hupanda meli, ama kutoka Piraeus, bandari iliyo karibu na Athens, ama kutoka visiwa vingine kama Kos na Rhodes. Kutoka Kos, boti ya kasi huchukua kama saa mbili hadi tatu, nayo ni kama zile za Dar es Salaam kwenda Unguja.

Pili, kuna upepo. Sisi wa pwani tunajua kaskazi na kusi. Wagiriki wanao wao, uitwao meltemi, nao hutoka kaskazini na kuvuma kwa nguvu hasa mwezi wa Julai na Agosti. Ukizidi, mamlaka ya bandari huzuia meli kuondoka, na mwenye ndege ya kesho yake hubaki ameshika tama kisiwani. Kwa hiyo mtu asipange kushuka kwenye boti na kupanda ndege siku moja. Sisi tulichagua Oktoba, wakati wa likizo ya shule ya majira ya kupukutika majani. Makali ya joto na ya upepo huwa yamepungua, bahari bado ina uvuguvugu, na vyumba huwa nafuu kuliko Agosti. Lakini mwezi huo nazo meli huanza kupungua, hivyo ni lazima kutazama ni siku zipi za juma zinasafiri kabla ya kulipia chumba.

Kwa upande wa karatasi hatukupata shida. Mwenye kibali halali cha kuishi Ujerumani anaweza kwenda Ugiriki kwa matembezi mafupi bila viza nyingine, mradi awe na pasipoti na kadi ya kibali chake. Tulizitazama tarehe zote, tukakuta kadi ya mama inakwisha Septemba. Tukashukuru tumeona mapema.

Kisha tukafika kwenye fedha.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Tuliandika nauli ya ndege ya watu watatu, boti, vyumba, chakula, basi la kutoka uwanja wa ndege wa Kos, ambao uko zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini, na ile kodi ya kila usiku ambayo mara nyingi mgeni huilipa hotelini juu ya bei ya chumba. Tulipojumlisha, binti akauliza swali jepesi, "Na mnazo ngapi?"

Akiba yetu ya pamoja ilikuwa pungufu kwa euro 2,000. Baba alikiri kwamba kwa miaka miwili amekuwa akimtumia mdogo wake fedha za kuanzishia duka la vipuri vya pikipiki, na duka lile lilikuwa halijarudisha hata senti moja. Hakusema kwa sababu alijua ataambiwa hapana. Mama alikasirika, akaanza kusema maneno mazito, kisha akasita katikati. Yeye naye alikuwa na kibubu. Alikuwa akicheza upatu na akina mama wenzake, na alikuwa ameweka kando euro 1,600 ambazo hakuna aliyezijua. Alizificha kwa sababu aliamini kwamba fedha ikionekana katika nyumba hii, itapata safari ya kwenda kwa ndugu. Binti aliinuka taratibu, akaenda chumbani kwake na kufunga mlango.

Tusiwadanganye, akina mama. Tulikaa siku tatu bila kusemezana. Hata ile karatasi ya friji ilibaki nyeupe. Kila mmoja alijiona ameibiwa, na kila mmoja alijua moyoni kwamba naye ameiba kidogo.

Siku ya nne ilipigwa simu kutoka Muheza. Ni mama mzazi wa baba, na aliyepokea ni mkwewe. Alieleza kwamba daktari ameona mtoto wa jicho kwenye jicho lake la kulia na kwamba anahitaji kupasuliwa, lakini akasema hakupiga kuomba, ila kutujulia hali. Mkwewe akajikuta anamsimulia habari za Ugiriki, akitaraji kukemewa. Mama mkwe akacheka mpaka akakohoa. Marehemu mumewe alikuwa mkata mkonge katika shamba la Mgiriki. "Kwa Wagiriki? Wao walikuja kwetu kwa mkonge, nyinyi mwende kwao kupumzika! Nendeni, mwanangu. Baba mkwe wako kila mwaka alisema mwakani tutavuka kwenda Unguja, tukaitazame bahari yetu kutoka upande wa pili. Tulizaa, tukajenga, tukasomesha. Unguja hatukwenda."

Usiku ule mama alibadilishana zamu na mwenzake. Baba aliporudi kazini alikuta chai mezani, na kando yake kibubu. Hatukusema mengi. Baba aliomba msamaha wa kwanza, na mama akaomba wa pili, ingawa nani alistahili kuanza bado hatujaafikiana.

Tulipoketi tena, tuliandika kwa mpangilio mwingine. Yule mtu wa katika Luka 14, aliyetakiwa kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara, tulikuwa tumemsikia mara nyingi kanisani. Hatukuwahi kufikiri kwamba gharama ya kwanza ya kuhesabu ni ile tunayofichana. Jicho la mama likatangulia juu ya yote, likalipwa kutoka fedha ya pamoja, kwa kauli ya wote wawili. Mdogo wake baba alipigiwa simu, na safari hii tulizungumza naye sote, akaahidi kurudisha kidogo kidogo. Tukakubaliana pia kwamba kila mwezi kila mmoja wetu atakuwa na fedha yake ndogo isiyoulizwa, ili pasiwe na haja ya kibubu cha siri. Mama alitoa nusu ya kibubu kwa ajili ya safari, na nusu akabaki nayo. Baba hakuuliza ya nini.

Kilichobaki kilitosha visiwa viwili. Rhodes, Symi na Kalymnos tumevifuta kwa sasa, na baba amevikunja pamoja na ratiba yake ndani ya Biblia. Tutatua Kos na kulala usiku mmoja. Kesho yake tutavuka kwenda Patmo na kukaa usiku nne katika chumba chenye jiko dogo, ili tupike wenyewe. Kisha tutarudi Kos usiku mbili, kwa kuuogopa upepo, na katika siku hizo mama ataona magofu ya hekalu la tiba, Asklepieion, nje kidogo ya mji.

Huko Patmo tunataka kwenda polepole. Kati ya bandari ya Skala na mji wa juu, Chora, kuna pango ambalo kwa mapokeo ya kanisa ndimo Yohana alimopata yale maono ya Kitabu cha Ufunuo. Juu zaidi ipo monasteri aliyoianzisha mtawa Christodoulos mwaka 1088, yenye kuta nene kama ngome, na nyumba nyeupe zimeizunguka. Pango, monasteri na mji ule viliingizwa mwaka 1999 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Saa za kufungua hubadilika kwa siku, hivyo tumepanga kwenda asubuhi. Anayeingia hutakiwa kufunika mabega na magoti. Mama amekwisha kuweka kanga mbili, doti moja, yake na ya binti.

Hatujui kama bahari itatulia. Hatujui pia kama watu waliozoea kupishana mlangoni wataweza kuketi pamoja siku nane bila kuchokana, hilo tunaliombea. Lakini karatasi ya friji sasa ina maandishi ya aina nyingine. Juma lililopita baba aliandika, "Mama watoto, unapenda dirisha linalotazama bahari au mlima?" Mama akajibu chini yake, "Bahari. Na wewe?"

Akina mama, huenda kwenu Ugiriki ni mbali. Pangani ipo, Bagamoyo ipo, hata kwa shangazi kule Lushoto pana upepo mzuri. Lakini kabla ya nauli, ketini na mwenzako mkiwa na kalamu, na kila mmoja aweke mezani alicho nacho.

Mama wa Muheza alipasuliwa mwezi uliopita na anaendelea vizuri. Ametuagiza picha. Amesema tusimletee za majengo tu. Anataka kutuona sisi, tumekaa.