Akrabu ya Nne

Saa ya mkononi ni kitu ambacho wengi wetu hukivaa bila kukifikiria. Ikiwa inakwenda, tunaitazama. Ikisimama, tunaipeleka kwa fundi. Lakini ipo saa ya namna moja ambayo humtia mwenyewe katika fikra, nayo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa safari na mtu wa maji kwa pamoja. Mimi ninayo ya namna hiyo. Niliinunua kwa mhandisi wa pili wa meli yetu, Mfilipino aliyekuwa akistaafu, kwa mshahara wa wiki tatu. Nilifanya kazi miaka 19 katika vyumba vya mitambo vya meli za mizigo, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo saa hii ilikuwa mkononi mwangu.

Kwanza niieleze ilivyo. Ni saa ya chuma, nzito kidogo, isiyotumia betri. Ndani yake mna kamani, na mna kipande cha chuma chenye umbo la nusu duara ambacho huzunguka kila mvaaji atikisapo mkono, kikaikaza kamani hiyo. Ukiivaa kila siku haihitaji kutiwa ufunguo; ukiiacha mezani, baada ya siku mbili husimama. Usoni ina akrabu nne badala ya tatu. Tatu ni zile tunazozijua sote: ya saa, ya dakika na ya sekunde. Ya nne ni nyembamba, yenye ncha nyekundu, na huuzunguka uso mara moja tu kwa saa 24, yaani nusu ya mwendo wa ile akrabu ya saa ya kawaida. Kwa hiyo huonyesha saa ya mahali pengine, na pia huonyesha kama huko ni mchana au usiku. Juu ya uso huo pana pete iliyoandikwa dakika 60, izungushwayo kwa vidole.

Akrabu ya namna hii ilipata umaarufu katikati ya miaka ya 1950, ndege za abiria zilipokuwa zikivuka bahari kuu. Kampuni ya Rolex ilitoa saa yake ya GMT-Master kwa ajili ya marubani wa shirika la Marekani la Pan American, ambao walitaka kuiona saa ya Greenwich na saa ya mahali walipo kwa kutupa jicho mara moja. Sisi mabaharia haja yetu haikuwa tofauti. Meli ikielekea mashariki au magharibi, saa zake husogezwa mbele au nyuma, aghalabu usiku, na mtu wa zamu hupunjwa au huongezewa saa nzima ya usingizi. Mimi niliiacha akrabu ya saa ya kawaida iifuate meli. Ile nyekundu niliiweka kwenye saa ya Tanga, alikokuwa mama yangu, wala sikuigusa.

Hapo Mswahili ana hesabu moja zaidi kuliko wenzake. Sisi huanza kuhesabu saa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua, kwa hiyo akrabu ikielekea 7 sisi twasema saa moja. Mfilipino alipoitazama saa ile aliona nyakati mbili. Mimi niliona tatu: wakati wa meli, wakati wa Tanga kwa tarakimu za Kizungu, na wakati wa Tanga kama mama alivyouhesabu. Nakumbuka tulipofunga gati Santos, nchini Brazil, mwezi wa Julai, kupakia sukari. Santos iko nyuma ya Tanga kwa saa sita kamili katika mwezi huo. Basi akrabu ya kawaida ilipoelekea 8 asubuhi ya Santos, kwetu ilikuwa saa nane mchana. Ilipoelekea 10, kwetu ilikuwa saa kumi alasiri. Kwa siku nne sikuihitaji akrabu nyekundu. Saa ya ugenini ilisema Kiswahili cha nyumbani bila kufundishwa.

Kubeba saa ya nyumbani baharini si anasa iliyoanza juzi. Zamani nahodha aliweza kujua yuko kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua na nyota, lakini umbali wa mashariki na magharibi ulimshinda, na meli nyingi zilipasuka miambani kwa sababu hiyo. Dunia huzunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa. Kwa hiyo mwenye kujua saa ya bandari aliyotoka, akailinganisha na saa ya jua la mahali alipo, anajua ameifikia longitudo gani. Kilichokosekana ni saa isiyoharibiwa na mawimbi, joto na baridi. Mwingereza mmoja, John Harrison, aliyeanza maisha kama seremala, ndiye aliyeitengeneza, na mwaka 1761 saa yake ilipelekwa Jamaica kwa majaribio. Nilipoyajua hayo nilifarijika. Kumbe anayeikumbuka saa ya kwao hapotezi muda kwa huzuni. Ndivyo mabaharia walivyokuja kujua walipo.

Sasa nije kwenye pete, ambayo ni ya wapiga mbizi. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, jina ambalo kwa lugha yetu ya pwani ni Pima Hamsini, kiasi cha mita 91. Kabla ya kuzama, mpiga mbizi huizungusha pete mpaka alama yake ya mwanzo ielekeane na akrabu ya dakika. Akiwa chini ya maji, akrabu hiyo humwonyesha kwenye pete dakika alizokwisha kutumia, naye akajua hewa iliyobaki. Katika saa za siku hizi pete hiyo huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa akrabu. Sababu yake yapendeza. Pete ikigongwa na jiwe ikasogea, itamwambia mpiga mbizi kwamba amekaa chini zaidi ya alivyokaa. Haiwezi kumwambia kwamba amekaa kidogo. Ikikosea, itamrudisha juu mapema. Haitamwacha akafie chini.

Mimi si mpiga mbizi. Pete niliitumia kupimia wali usiungue na kuhesabu dakika za kukaa karibu na boila. Lakini usiku wa zamu ni mrefu, na nikizitazama zile alama mbili, akrabu nyekundu na pete, nilianza kuona kwamba hazisemi neno moja. Akrabu ya nyumbani hupima jambo linalorudi. Leo ni saa moja asubuhi Tanga, mama anakunywa chai. Kesho itakuwa saa moja tena, naye atakunywa chai tena. Pete hupima jambo linalokwisha. Msafiri hupenda kuitazama ile akrabu, kwani humpa moyo. Ikizunguka leo na kesho na mwakani, yeye huona nyumbani hakuna kilichobadilika.

Mwaka 2014 nilikuwa likizoni Tanga, wakala akanipigia simu kunipa mkataba mpya wa miezi tisa, na cheo juu yake. Mama alikuwa na miaka 81. Hakuwa mgonjwa, ila alikuwa ameanza kushika ukuta akienda uani. Usiku ule nilikaa barazani nikapiga hesabu. Kwa kawaida nilikaa nyumbani miezi miwili kwa mwaka. Nikasema, tuseme Mungu amjalie miaka mitano. Miaka mitano kwa hesabu ya dunia, kwangu mimi ni miezi kumi. Na kama si mitano?

Asubuhi nilimwambia wakala amtafute mtu mwingine. Mke wangu alinyamaza kwanza, kisha akauliza, "Na paa, Baba Zuhura?" Swali lake lilikuwa la haki. Nyumba yetu ilikuwa imefikia lenta, na mabati yangetoka katika mkataba ule. Nikaanza kutengeneza mashine za boti za wavuvi, kazi iliyonipa chini ya theluthi ya mshahara wa melini, na paa lile tuliliezeka miaka minne baadaye. Sisemi kwamba kila mtu afanye nilivyofanya. Wapo wenye wazazi wanaokula kwa sababu tu mtoto yuko mbali.

Mama aliishi miaka miwili na miezi minne. Katika muda huo niligundua jambo ambalo saa yangu isingeweza kunieleza. Nilipokuwa safarini nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba swali lake lilikuwa lile lile: "Huko uliko ni saa ngapi, mwanangu?" Nikimjibu kuwa ni usiku, husema, "Basi kalale." Nami nilikuwa na adabu yangu: akrabu nyekundu ikiwa kwenye saa tisa usiku ya Tanga, simpigii, kwa kuwa amelala. Niliporudi kuishi naye, nikakuta kwamba saa tisa usiku ndiyo saa yake ya kuamka. Huketi juu ya msala gizani akawaombea walio safarini. Nilimwuliza tangu lini, akasema, "Tangu ulipopanda meli." Nilimkumbusha kwamba nimekwisha rudi. Akasema wako watoto wa watu wengine.

Miaka yote ile akrabu ilinieleza saa yake kwa usahihi wa sekunde chache, isinieleze kwamba yu macho.

Siku hizi simu yaweza kuonyesha saa za miji yote ya dunia, na picha ya mtu unayemtaka juu yake. Bado naivaa saa yangu. Zuhura anafanya kazi Muscat, ambako ni saa moja mbele yetu, na akrabu nyekundu nimeisogeza huko. Nimemweleza habari ya pete. Na wewe msomaji uliye mbali na kwenu, usiishie kuuliza huko ni saa ngapi. Chukua umri wa yule unayemkumbuka, hesabu siku unazomwona kwa mwaka, kisha zidisha kwa miaka unayomtarajia. Ukikosea, kosea kwa kupunguza. Hesabu hiyo haihitaji saa ya bei. Kalenda ya ukutani yatosha.