Idjwi, mihogo na tezi ya shingo

Anayeenda Idjwi anapanda bwato pale Bukavu na kuona ziwa Kivu likifunguka polepole, kisha vilima vya ndizi, kahawa na mananasi. Na mihogo, mihogo kila upande. Sisi walimu wane tulienda kule wakati wa likizo, na mwenzetu mmoja alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Tezi yake ya shingo inafanya kazi kidogo, kwa hiyo hatembei bila kinini zake.

Kisiwa hiki kinajulikana na waganga. Tangu miaka ya 1960, wataalamu wa Ubelgiji pamoja na kituo cha utafiti cha Lwiro walipima watu hapa kwa sababu ya goita. Udongo una iyodi kidogo kisiwa kizima, lakini goita ilikuwa nyingi zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Walichunguza chakula, wakakuta mihogo. Isipotayarishwa vizuri, inaacha sumu ambayo mwilini inageuka kitu kinachozuia tezi kushika iyodi. Tusiseme bugali ni mbaya! Tuiloweke siku za kutosha, tuikaushe vizuri, na chumvi iwe na iyodi.

Mama mukubwa aliyetupokea alitueleza kwamba zamani shingo nene haikushangaza mtu. Lenye kuumiza zaidi halikuonekana shingoni. Miezi ya kwanza, mtoto tumboni anategemea tezi ya mama yake. Ikikosa nguvu, ubongo wake unaweza kuchelewa, hata masikio. Mtoto kama huyo akifika darasani, tafadhali asiitwe mvivu.

Kwenye CPN ya pale walimpa mwenzetu kinini ya kuongeza damu. Alishukuru, lakini hakuimeza pamoja na ile ya tezi, maana chuma kinaizuia kuingia mwilini. Ya tezi anameza asubuhi na maji tu, anangoja nusu saa au zaidi kabla ya chai. Ya damu anaimeza baada ya saa nne kupita. Daktari alimuongezea kipimo mara tu mimba ilipojulikana; wengi wanahitaji hivyo. Hakuacha dawa kwa kuogopea mtoto, kama majirani walivyomshauri. Kuiacha ndiyo hatari.

Uchovu, kusikia baridi, choo kigumu, tunasema "ni mimba tu". Mara nyingi ni kweli. Lakini mwenye goita, au mwenye tezi katika jamaa, aombe kupimwa damu mapema, kipimo kinachoitwa TSH.

Sokoni tuliona chumvi imemwagwa kwenye beseni, juani. Jua na unyevu vinapunguza iyodi. Afadhali pakiti iliyofungwa, na nyumbani chombo chenye kifuniko. Lakini chumvi haichukui nafasi ya kinini kwa aliyeandikiwa.

Mwenzetu anapimwa damu kila wiki nne. Kipimo kinachofuata ni cha wiki ya 16.