Safari ya Siku Moja katika Mashamba ya Bushi



Wako watu wakaao Bukavu miaka mingi wasijue chakula chao hutoka wapi. Huziona ndizi sokoni Nyawera, hushindana bei na mama muuzaji, hula na kushiba, lakini mkono uliozipanda hawaujui. Mimi nami nilikuwa mmoja wao, ingawa nafundisha elimu ya viumbe na huichora migomba ubaoni kila mwaka. Kwa sababu hiyo, katika likizo kubwa ya mwaka 2018, mwezi wa Julai, mwalimu mwenzangu na mimi tuliwachukua wanafunzi watano, tukakodi gari dogo, tukashinda kutwa nzima mashambani upande wa Kabare na Katana. Tulikuwa watu saba, na dereva wa nane. Leo nataka kuwasimulia tuliyoyaona, maana yako ndani yake mambo yanayotuhusu sote.

Njiani

Tuliondoka baada ya Misa ya alfajiri. Mji wetu, kama mjuavyo, umejengwa juu ya vilima na juu ya rasi tano ziingiazo ziwani kama vidole vya mkono. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sababu asubuhi za kiangazi huwa na baridi kali kwetu, hata wageni kutoka Uvira hutetemeka. Wazee walioujua mji zamani za Wabelgiji waliuita Costermansville. Siku hizi jina hilo limebaki katika vitabu na katika mazungumzo ya wazee tu.

Tulipofika Mudaka, soko lilikuwa limekwisha kuchangamka. Akina mama walikuja wameinama chini ya mizigo ya muhogo, makaa na ndizi, kamba ikipita kwenye paji la uso, na mtoto mchanga akining'inia kifuani. Vijana wangu walinyamaza. Mmoja akasema polepole, “Mwalimu, mzigo ule mimi siuwezi.” Nikamjibu, “Basi ukumbuke utakapodai bei ipunguzwe.”

Hatukwenda mbali tukapita karibu na Murhesa, penye seminari kuu. Hapo mwanafunzi mwingine, mwenye desturi ya kuuliza mambo yasiyotazamiwa, akaniambia, “Mwalimu, sisi hatuna mizabibu. Mbona divai ya Misa isiwe kasiksi yetu ya ndizi?” Wenzake wakacheka, lakini swali halikuwa la kuchekwa. Nikamweleza kwamba Sheria ya Kanisa, katika kanuni 924, yataka divai ya Sadaka iwe ya tunda la mzabibu, halisi, isiyoharibika. Maana ndivyo alivyofanya Bwana wetu katika Karamu ya Mwisho, na Kanisa halijioni kuwa na ruhusa ya kubadili. Kwa hiyo divai yetu husafiri mbali. Kule Dodoma katika Tanzania, wamisionari walipanda mizabibu katika misioni ya Bihawana, nayo ikastawi kwa sababu nchi ile ina jua kali na mvua chache. Kwetu mvua ni nyingi mno. Mzabibu haupendi miguu yake ilowe siku zote. “Lakini usidharau kasiksi,” nikamwambia. “Leo utaona jinsi inavyotengenezwa, ndipo utajua kama ni kitu kidogo.”

Kahawa na kwinini

Shamba la kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane, karibu na ziwa, upande wa Katana. Miti yake ya kahawa haizidi mia tatu. Mavuno yalikuwa yakimalizika. Alitufundisha kuchuma matunda mekundu tu na kuyaacha ya kijani, kuyatia majini ili mabovu yaelee, kuyamenya, kuyaacha yachachuke kwa muda, kuyaosha vizuri na kuyaanika juu ya vichanja. “Ukianika chini,” alisema, “kahawa hunywa harufu ya udongo, na mnunuzi huijua.”

Kisha alituambia habari ya miaka mibaya. Tangu serikali ilipotwaa mashamba ya wageni mwaka 1973 na kuwagawia watu wasioyajua, mashamba mengi makubwa yaliota magugu, na baadaye vita vilimaliza yaliyobaki. Wakulima wadogo walikosa mnunuzi. Basi wanaume wakapakia magunia katika mitumbwi na kuvuka usiku kwenda kuuza Rwanda. Tufani za Kivu huja ghafula, na wengi hawakurudi. Mume wake ni mmoja wao. Alisema neno moja tu, “Ziwa lilikunywa kahawa, likanywa na watu.” Siku hizi, akatueleza, wako wakulima waliojiunga katika ushirika, wakaosha na kuuza kahawa pamoja mchana kweupe, wala hakuna haja ya kuvuka gizani.

Kutoka hapo tulipita penye miti ya kwinini. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimetengeneza dawa kutokana na magome ya miti hiyo kwa miaka mingi. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio waliotenga kwinini katika magome hayo mwaka 1820. Kijana mmoja alitaka kuonja. Alitafuna kipande kidogo, akakunja uso kama mtu aliyepigwa kofi, na mpaka saa sita mchana alikuwa bado akitema mate. Somo lile hatalisahau kamwe.

Nyumba ya kasiksi

Mwisho tulifika kwa mzee mmoja wa Kabare ambaye mwalimu mwenzangu alimfahamu. Tulimwamkia, “Asinge!” naye akaja kutupokea kwa mikono miwili. Nyumba yake imezungukwa na migomba pande zote. Alituonyesha kazi yote tangu mwanzo, naye hakuacha hata hatua moja.

Ndizi za pombe hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado mbichi. Shimo huchimbwa, hutiwa moto ili lipate joto, kisha hutandikwa majani ya mgomba. Ndizi hupangwa ndani, hufunikwa kwa majani na udongo, na kuachwa siku nne au tano mpaka ziive. Halafu humenywa na kutiwa katika chombo kirefu cha mti kilichochongwa kama mtumbwi. Hapo hukandwa kwa mikono pamoja na majani makavu ya porini, mpaka maji yake yatoke safi. Maji hayo ni matamu, na watoto hunywa bila hatari. Wanaotaka kasiksi huongeza maji kidogo, na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunika chombo mahali penye joto. Baada ya siku moja au mbili huchachuka na kutoa povu, nayo ndiyo kasiksi.

Tulipokaa, mzee alileta kibuyu na mirija. Kabla ya kutupa sisi, alikunywa yeye mwenyewe mbele yetu. Vijana wa mjini walishangaa, wakadhani ni ulafi. Nikawaeleza kwamba ndiyo adabu: mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni ajue kwamba hamna sumu. Katika nchi yetu hofu ya kulogwa na kulishwa sumu imetenganisha jamaa nyingi. Basi wazee walitunga desturi ya kuiondoa bila kuitaja. Vijana wakapewa maji matamu. Mwalimu mwenzangu na mimi tukapata kasiksi, kikombe kimoja kimoja.

Mke wa mzee alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Nilimsifu kwa kazi ile. Akanijibu, “Mwalimu, kasiksi imewasomesha watoto wangu sita. Lakini kwa jirani kasiksi imewatoa watoto shuleni, kwa sababu baba yao huinywa yote asiuze.” Sikuwa na la kuongeza. Bwana wetu aliiheshimu arusi ya Kana, wala hakuketi na wanywaji kila siku huku mama yake akilala njaa. Wanaume tunaosoma gazeti hili na tujipime.

Panga na moto

Baada ya kupumzika mzee alisema, “Njoni sasa niwaonyeshe msiba wangu.” Nyuma ya nyumba tuliona nusu ya shamba haina mgomba hata mmoja; pamepandwa maharage na viazi vitamu. Pembeni ulisimama mgomba mmoja ulioanza kuugua. Majani yake yalikuwa yamegeuka manjano na kunyauka kama yaliyopitiwa na moto. Ndizi zake ziliiva kabla ya wakati, moja huku, moja kule. Mzee alipoikata moja, ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Na shina lilipokatwa likatoa usaha wa manjano.

Huu ndio mnyauko wa migomba. Huletwa na bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wataalamu waliutangaza mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968. Mwaka 2001 ulionekana Uganda na pia Masisi katika Kivu Kaskazini, baadaye ukashuka kwetu. Hauna dawa ya kunyunyiza. Huenea kwa njia mbili kubwa. Wadudu huubeba kutoka ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu, kwenda kwa mgomba mwingine. Na watu huubeba kwa panga: anayekata mgomba mgonjwa kisha akakata mzima ameupanda ugonjwa kwa mkono wake.

“Kwanza,” alisema mzee, “watu walisema jirani yangu ameniloga. Walitaka nimshitaki kwa chifu. Bwanashamba alipokuja aliniuliza swali moja tu: ni nani hukata ndizi zako? Nikahesabu. Wanunuzi wa ndizi za pombe huja kutoka kila upande, nao hukata wenyewe kwa panga zao, wametoka kukata kwa wengine. Nikaona kwamba aliyeniloga ni biashara yangu mwenyewe.”

Bwanashamba alimfundisha mambo haya, nami nayaandika ili kila msomaji mwenye migomba ayashike. Mkungu ukisha kutoa kichana cha mwisho, livunje ua dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Panga lipitishwe motoni mpaka lipate joto kali kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba ulioonyesha dalili ukatwe chini kabisa mara moja, wala mbuzi na ng'ombe wasiingie humo. Machipukizi ya kupanda yasitoke katika shamba lenye ugonjwa.

“Yote hayo ni mepesi,” akaendelea, “isipokuwa hilo la panga. Siku moja alikuja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kununua mikungu mitano. Nimwambieje shemeji kwamba panga lake ni chafu? Angesema namshitaki kwa uchawi. Usiku ule sikulala. Ningemwacha akate, ningepoteza nusu iliyobaki. Ningemkataza, ningepoteza jamaa.”

Mwanafunzi yule mwenye maswali akauliza, “Ukafanyaje, Babu?”

Mzee akacheka. “Nilikumbuka kibuyu. Asubuhi niliwasha moto mlangoni mwa shamba. Shemeji alipofika, sikumwambia neno. Nilichukua panga langu mimi, nikalitia motoni mbele yake, nikasema: Shemeji, panga langu limekata mgomba mgonjwa jana, sitaki likuletee madhara katika ndizi utakazonunua. Akanitazama. Kisha akatoa lake, akaliweka kando ya langu. Tangu siku ile kila mnunuzi akija hukuta moto umewashwa, na panga langu limo ndani tayari.”

Tulirudi mjini jioni, vijana wakiimba, lakini mimi nilikuwa kimya. Miaka mingi nimewaambia wanafunzi makosa yao, tena mbele ya wenzao, nami nilidhani ndio ualimu. Mzee yule, ambaye hakusoma zaidi ya shule ya misioni, alinifundisha kwamba anayetaka kumsafisha mwenziwe aanze na panga lake.

Jumapili iliyofuata, wakati wa kupeleka matoleo, waamini walikuja wakicheza na vikapu vya muhogo, maharage na mikungu ya ndizi, kama ilivyo katika Misa yetu ya Kizaire iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Nilimwona kijana wangu ameuangalia mkungu mmoja kwa muda mrefu. Bila shaka alikuwa akitafuta mkono uliouleta.

Tangu safari ile yamepita mengi. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha wakaingia Bukavu, na barabara tuliyoipita kwa nyimbo ilipitwa na watu waliobeba magodoro na watoto. Katika siku za namna hiyo shaka huota upesi kuliko magugu: huyu ni wa upande gani, yule ametumwa na nani? Ndipo nimkumbukapo mzee wa Kabare. Hatuna uwezo wa kuzima kila moto wa nchi hii. Lakini mlangoni mwa shamba lake kila mmoja wetu aweza kuwasha ule mdogo, akatia panga lake la kwanza. Tumwombe Mungu atupe moyo huo, na migomba yetu aibariki.