Maji ya Nyika na Maji ya Mji



Sisi wa Masakta twakaa katika nchi ya Hanang, mlima wenye urefu uzidio mita 3,400. Wairaqw walima, Wabarbaig wachunga ng'ombe, na sote twaingojea mvua ile ile. Ziwa Balangida liko, lakini maji yake ni ya chumvi, na wakati wa kiangazi hukauka likabaki jeupe. Hapo watu huchimba mchanga wa makorongo wapate maji. Mama yetu alitufundisha tusiondoke kisimani pasipo kumwuliza aliye nyuma yetu, "Kwenu kuna mgonjwa?"

Mwezi wa Oktoba 2022 nalisafiri kwenda Dar es Salaam kumtazama mdogo wangu, fundi wa magari. Nalipita Babati, Kondoa, Dodoma na Morogoro. Tulipovuka mto Ruvu naliona maji yamepungua sana, nikasema moyoni, "Haya ni ya watu wa shamba, mjini hawana shida." Kumbe sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo huo, ambao chemchemi zake zi katika milima ya Uluguru. Mvua zilikuwa zimekawia, na maji ya mji yalikuwa yakitolewa kwa zamu.

Nisiseme uongo, mji una mema mengi. Hospitali zi karibu, usiku una taa, na mdogo wangu amepata kazi ambayo kwetu asingaliipata. Uani kwake palikuwa na tangi kubwa, limejaa. Jioni nikamwuliza, "Jirani zako wana maji?"

Akajibu, "Kaka, sijui. Hapa kila mtu na geti lake."

Nikamwuliza jina la jirani wa ukuta mmoja. Hakulijua, naye amekaa pale miaka mitatu.

Asubuhi nalikwenda kubisha hodi. Mdogo wangu alinifuata, akiona haya. Akatufungulia bibi mzee, aishiye na mjukuu wake. Fedha za kununua maji kwa vijana wa mikokoteni zilikuwa zimemwishia, na tangu juzi walikuwa na dumu moja tu, la kunywa na la kupikia. Hakuomba kwa mtu, maana hakumjua mtu. Mdogo wangu hakusema neno. Alirudi kwake, akajaza ndoo mbili, akazileta, kisha akarudia tena.

Njiani kurudi naliwaza sana. Kwetu ukame huonekana kwa macho: ng'ombe hukonda, ziwa hukauka, nasi twajua ni nani mwenye kiu. Mjini kiu hukaa nyuma ya geti. Wala si kwamba watu wa mjini wana roho mbaya. Mimi na mdogo wangu tulilelewa na mama mmoja. Lakini bomba limemwondolea safari ya kisimani, na safari ile, pamoja na taabu yake yote, ndiyo iliyotukutanisha na jirani.

Wazazi wenzangu, vijana wetu watakwenda mjini, wala tusiwazuie. Ila tuwaagize hivi: siku ya kwanza, kabla ya kufungua mizigo, wabishe hodi kwa jirani, wamwamkie, na kumwuliza jina lake.