Sehemu ya 4: Siku zilizorudi

Baridi ya huku leo haina adabu, nimejifunika blanketi mbili ndo naandika. Hii mada ya kansa ya shingo ya kizazi niliwaahidi tangu mwanzo, nikaikwepa mara mbili. Nikawaandikia ya kuharisha, nikawaandikia ya uji. Mtanisamehe, sababu mtaiona.

Mama yangu mdogo alikuwa anauza viazi na karoti Mwanjelwa. Alishakoma hedhi miaka kama minne. Nikiwa likizo, mwaka wa pili chuo cha uuguzi, akaniambia huku anacheka, "Mwanangu, nimerudi usichana, siku zangu zimeanza upya." Nikacheka naye. Nikamwambia ni homoni hizo mama, zitatulia. Mimi, mwanafunzi wa unesi!

Hakuwa na maumivu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotuweza. Baadaye ukaja uchafu wenye harufu, akawa anakaa benchi la nyuma kanisani. Akanunua dawa za UTI duka la dawa, mara tatu. Kiuno kikaanza kuuma, tukasema ni magunia ya viazi. Alipokubali kupimwa, ugonjwa ulishatoka kwenye shingo ya kizazi ukaenda kwingine. Akapewa rufaa ya mionzi, Ocean Road, Dar es Salaam. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na yeye anavuja damu, amekalia kanga iliyokunjwa mara nne. Tulipofika Mikumi abiria wakasimama kuangalia tembo. Yeye akaniuliza choo kiko wapi.

Alifariki mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mama ukija kliniki ukaniambia siku zimerudi baada ya kukoma, sicheki tena. Hata ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, njoo. Inaweza isiwe kansa, lakini njoo tuangalie.

Hapa Tanzania, hii ndiyo kansa inayoongoza kwa wanawake, ya matiti inafuata. Kila mwaka wanagundulika zaidi ya 10,000 na wanaokufa wanapita 6,000. Bibi mmoja aliniambia zamani hizi kansa hazikuwepo, zimeletwa na kuku wa kisasa. Bibi, shikamoo, lakini zilikuwepo, tulikuwa tunasema mtu karogwa. Ila ni kweli idadi inapanda: watu tumeongezeka, tunaishi miaka mingi zaidi, na wanaopimwa ni wengi kuliko zamani.

Chanzo kikubwa ni kirusi kinaitwa HPV. Kinaambukizwa kwa ngono, na karibu kila mtu aliyewahi kufanya tendo hilo anakutana nacho. Kwa hiyo msianze kuulizana ndani nani kamleta. Wengi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa wachache kinabaki kimya, na mpaka kiwe kansa inaweza kupita miaka 15 hadi 20. Mwenye VVU kinga ikiwa chini, inaweza kuwa 5 hadi 10 tu. Na huku kwetu, Mbeya, Iringa, Njombe, mnajua VVU vilivyotukalia. Mama unayetumia dawa, usipishane na kipimo hiki hata kidogo.

Kipimo chenyewe tunapaka siki iliyochanganywa maalumu kwenye shingo ya kizazi, tunasubiri kama dakika moja. Penye shida panageuka peupe. Basi, hakuna kisu.

Sasa niseme lililonifanya nikwepe. Nimewapima wanawake sijui mia ngapi, na mimi mwenyewe nilikaa miaka sita bila kupimwa. Kila wiki nilijiambia kesho. Nilikuwa namwogopa mama mdogo, kama mnanielewa. Mwezi uliopita mwenzangu alifunga mlango akaniambia, "Dada, panda kitandani." Nikapanda. Dakika ile moja nilihesabu mbao za dari. Kisha nikasikia kanyamaza, na mimi najua nesi akinyamaza maana yake nini.

Palikuwa na weupe. Mdogo. Siyo kansa, ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuwa kansa. Akapaunguza kwa kifaa cha joto siku hiyohiyo, nikahisi kama tumbo la hedhi, nikarudi nyumbani kwa miguu. Baba watoto nimemwambia mwezi mzima hakuna kunisogelea. Kanuna siku mbili, siku ya tatu kaniuliza, "Kwani ile ya mama mdogo ilianza hivi?" Nikamwambia ndiyo. Tangu hapo anachota maji yeye.

Halafu chanjo. Nchi nzima ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na 2024 ikatolewa kwa wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu, bure. Kuna mama amemficha binti yake siku ya chanjo shuleni, anasema hatazaa. Mama, chanjo haigusi uzazi wake. Kizazi huondolewa kwa sababu ya ugonjwa, na nimeshawaona walioondolewa wakiwa hawajazaa hata mmoja. Wangu yuko darasa la tano, alichanjwa, alilia kidogo, akadai soda nikamnunulia.

Maswali ya siri njooni inboksi, msiandike kwenye komenti, wakwe zenu wanasoma. Ijumaa niko zamu ya asubuhi, ukifika uliza dada wa siki, watakuelekeza.