Sarafu za Wafalme katika Somo la Historia

Katika vyuo vyetu vya ualimu yamesemwa mengi juu ya zana za kufundishia, na aghalabu mazungumzo hayo huishia kwenye chati, ramani na globu. Sisi tunaofundisha historia hapa mjini Babati tumependa kuwaeleza wasomaji wa jarida hili habari za zana ndogo kuliko hizo, ambayo tumekuwa tukiikusanya kwa miaka kadhaa: sarafu na medali zenye majina au sura za watawala. Mkusanyo huu si mali ya mtu mmoja, ingawa ni kweli kwamba mwenzetu mmoja hakubali kabisa kuuachia ufunguo wa kabati.

Mkusanyo ulianza kwa medali mbili za shaba ambazo mgeni mmoja aliyepita chuoni alituachia. Zatoka Ufaransa. Moja ina kichwa cha Pharamond, aliyekuwa akihesabiwa kuwa mfalme wa kwanza wa Wafaranki; ya pili ina kichwa cha Louis wa 9, yule aliyefia Tunis mwaka 1270 akiwa vitani, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 1297. Medali za namna hii zilitengenezwa mjini Paris katika miaka ya 1830 na mchongaji Armand-Auguste Caqué, aliyewachonga wafalme wa nchi yake mmoja baada ya mwingine, tangu huyo Pharamond hadi Louis-Philippe aliyekuwa akitawala wakati huo. Ni kazi ya kupendeza macho. Ndevu zimechongwa unywele kwa unywele.

Hapo ndipo somo linapoanzia. Tunawauliza wanachuo: ni nani aliyemwona Pharamond hata akamchora? Habari zake ziliandikwa kiasi cha miaka 300 baada ya wakati anaodaiwa kuishi, na wanahistoria wengi hawaamini kwamba aliwahi kuwapo. Louis wa 9 aliishi kweli, lakini fedha aliyoiamuru itengenezwe mwaka 1266 haina sura yake. Ina msalaba upande mmoja na mfano wa jengo lenye mnara upande wa pili, na jina lake limeandikwa kwa kuzunguka. Basi kitu kilichotoka mkononi mwa serikali yake hakina uso, na kitu kilichotengenezwa miaka zaidi ya 500 baadaye kina uso kamili. Mwanachuo aliyezoea kuamini kila picha iliyo kitabuni hunyamaza kidogo anapoambiwa hivyo. Kunyamaza huko kwatufaa zaidi kuliko majibu mengi ya haraka.

Kutoka Ufaransa hatuna haja ya kukaa huko. Karne zizo hizo mafundi wa Kilwa Kisiwani walikuwa wakitengeneza sarafu za shaba zenye majina ya masultani wao: Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman na wengineo. Upande mmoja huwekwa jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa ili vina vya pande mbili vikutane. Sura ya mtu haimo. Mwaka haumo pia, jambo linalowatesa wataalamu hadi leo, kwani sarafu za sultani mmoja ziliweza kuendelea kutumika muda mrefu baada ya kufa kwake. Al-Hasan bin Sulaiman ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, na ndiye anayehusishwa na jumba la Husuni Kubwa ambalo magofu yake yangali juu ya jabali la bahari. Sarafu yake moja imepatikana Great Zimbabwe, mbali sana na pwani. Nyingine za Kilwa, tano kwa idadi, ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na mpaka sasa watu wanabishana zilifikaje huko. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha, na kadhaa miongoni mwake zina jina la Ali bin al-Hasan.

Sarafu halisi ya Kilwa hatuna, wala hatuitafuti. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vyote vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na mwalimu anayezinunua kwa siri hawezi kusimama mbele ya darasa akafundisha uraia. Tunatumia picha.

Lakini sarafu za Wajerumani na za Waingereza zimo majumbani mwa watu. Wanafunzi wa shule ya mazoezi hutuletea habari zake kila muhula. Kuna rupia yenye kichwa cha Kaisari Wilhelm wa 2 aliyevaa kofia ya vita. Kuna pesa ndogo ya shaba yenye tai. Kuna heller, ambayo tangu mwaka 1904 mia moja zake zilifanya rupia moja, na ambayo jina lake tunalitamka kila siku tunaposema hatuna hela. Rupia hizi ndizo watu walizozitafuta kwa jasho walipotakiwa kulipa kodi ya nyumba tangu mwaka 1898. Mtoto mmoja alieleza kwamba ya bibi yake imetobolewa na kuvishwa uzi, nayo ilivaliwa shingoni siku za sherehe. Basi Kaisari alikuwa amegeuzwa pambo. Katika vitabu vya kiada hatukusoma habari hiyo.

Hapa tulitofautiana sisi kwa sisi. Wenzetu wengine walitaka watoto waziombe sarafu hizo kwa wazee wao, zije chuoni, ziwekwe kabatini chini ya kioo. Hoja yao haikuwa dhaifu: nyumbani zinapotea, watoto wanazichezea, na siku hizi kuna watu wanaozunguka vijijini wakidai kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za siri na itampa mwenye nayo mamilioni. Wapo waliouza mbuzi ili kuwalipa matapeli wa namna hiyo, na wapo waliochimba chini ya misingi ya maboma ya zamani wakitafuta mali iliyofichwa. Lakini mzee akishaambiwa na mwalimu kwamba kitu chake chatakiwa na chuo, hawezi kukataa kwa uhuru. Mwalimu ana heshima yake mbele ya watu, na heshima hiyo yaweza kuchukua kitu pasipo kukusudia kunyang'anya. Isitoshe, rupia iliyotolewa shingoni mwa bibi na kuwekwa chini ya kioo inabaki na Kaisari tu. Bibi ameondoka katika historia yake.

Tulichokubaliana ni hiki. Sarafu haitoki nyumbani. Mtoto huchukua kipande cha karatasi nyepesi, huiweka juu ya sarafu mbele ya mwenye nayo, husugua taratibu kwa ubavu wa penseli laini, na sura yote hujitokeza pamoja na maandishi. Husugua pande zote mbili. Chini yake huandika maelezo aliyopewa: ilipatikanaje, ilinunua nini, kwa nini haikutumiwa. Asiyetaka kutoa maelezo haulizwi mara ya pili. Karatasi moja ikifika darasani lenye watoto sitini inaweza kunakiliwa ubaoni, na hakuna anayehangaika kwamba kitu cha thamani kimedondoka chini ya dawati.

Kwa njia hii kabati letu limejaa karatasi kuliko madini. Zimo nakala za shilingi ya mwaka 1966 yenye kichwa cha Mwalimu Nyerere na mkono ulioshika mwenge. Ipo ya shilingi 20 iliyotolewa mwaka 1981 kuadhimisha miaka 20 ya uhuru. Zipo za shilingi 200 na 500 zenye Karume, ambazo mtoto hazihitaji kuzitafuta kwa bibi kwa kuwa anazo mfukoni. Tunapowauliza kwa nini huyu amewekwa upande huu, na simba au nyati upande ule, hujibu kwa ujasiri zaidi kuliko wanapoulizwa juu ya wafalme wa Ulaya.

Moja bado hatujaipata hata kwa karatasi. Ni senti ya tundu ya mwaka 1936, ya 5 au ya 10, yenye jina la Edward wa 8, mfalme wa Uingereza aliyeacha kiti mwezi Desemba mwaka huo huo kabla ya kuvikwa taji. Kwa kuwa katikati pana tundu, uso haukuweza kuwekwa; lilibaki jina tu, kama zilivyo za Kilwa. Wanafunzi wa kidato cha pili wameambiwa wakague mikebe ya vifungo ya bibi zao.